Wa kwanza kupigiwa simu awe katekista wa kijijini

Wiki hii mmeuliza kanisa lifanye nini kwa wavulana waliowahi kuishi mitaani. Mimi ni mama wa jumuiya ndogo ya Kikristo hapa Mwanza, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na jibu langu ni hili: lianzie kwao, huko walikotoka. Kabla ya kununua godoro jingine la kituo cha watoto, litoe nauli ya basi.

Ukiwaona sokoni Makoroboi utadhani wamezaliwa pale. Kaa nao, waulize taratibu, utasikia Kwimba, Magu, Sengerema, Ukerewe, wengine Geita na Shinyanga. Huyu kakimbia fimbo za baba wa kambo. Yule aliachwa kwa bibi, bibi akafariki, wajomba wakampa ng'ombe achunge wakati wenzake wako darasani. Ada ya shule za serikali iliondolewa tangu 2016, lakini sare na daftari bado vinataka mtu wa kuvitoa. Wakifika mjini wanaokota chupa na vyuma chakavu, na hapa kwetu wanakuja na "Mayu, nikubebee?", wanajitwisha gunia lililowazidi uzito. Usiku ni kwenye vibaraza vya maduka. Wapo wanaovuta gundi ili wasisikie njaa. Wakubwa kidogo hufuata mitumbwi visiwani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikikolea kazi inasimama, nao wanarudi mjini, mara nyingi mikono mitupu.

Mtoto aliyetoka kijijini ana kijiji. Huko mara nyingi kuna kigango, yaani tawi dogo la parokia, na katekista wake, mwalimu wa dini, anazijua kaya moja moja. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 1976 kuzipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Sisi tumezizoea kwa rozari na michango ya misiba, na hizo hizo zinafika kitongojini ambako gari la mfadhili halifiki.

Kijana mmoja wa Kwimba aliyekuwa akilala sokoni alitusumbua sana. Kila akitajiwa kwao ananyamaza. Katekista wa huko alipomfikia baba yake ndipo jambo likajulikana: kabla ya kutoroka aliuza mbuzi wa mama yake mdogo, na baba aliapa hataki kumwona. Wazee wakakaa, wakazungumza Kisukuma chao mpaka jua likazama, na mwisho jumuiya ya pale ikachanga kumlipa mama yule mbuzi wake. Kijana alianza kwa kwenda kusalimia tu, akarudi mjini. Likizo ikaja, akakaa zaidi. Sasa analima na baba yake, na katekista bado anapita kumjulia hali. Ugomvi wa mbuzi! Kituo cha mjini kingemlisha miaka mingapi bila kuujua?

Yote haya yafanyike kwa barua ya afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitwika halmashauri wajibu wa kuwatafuta wazazi wa mtoto aliyepotea au kutelekezwa, kwa hiyo kanisa lisifanye kazi hii kichochoroni. Na kuna nyumba ambayo mtoto harudishwi kamwe, kama ile alikochomwa moto au kunajisiwa. Hapo atafutwe shangazi, bibi, mjomba mwenye huruma. Akikosekana kabisa, kituo kina kazi yake, nami nawaheshimu sana wanaolala huko na watoto wasio wao.

Jambo moja linaniuma. Wageni wakija, mvulana anasimamishwa mbele atoe ushuhuda: alivuta nini, aliiba wapi, alifanyiwa nini gizani. Watu wanalia, simu zinapiga picha. Aibu ya mtoto isichangishiwe fedha. Katika Injili, yule mwenye pepo wa nchi ya Wagerasi, aliyekuwa akilala makaburini ng'ambo ya ziwa, alipopona aliomba apande chomboni na Yesu afuatane naye. Yesu hakumruhusu, alimwambia aende nyumbani kwa watu wake, awaeleze alivyotendewa. Kama angempeleka mji kwa mji watu wamtazame, umati usingekosekana.

Wapo waliokwisha kuwa watu wazima, hawarudi tena kulelewa. Hao wanahitaji fundi kuliko bweni. Don Bosco, padre wa Turin aliyezaliwa mwaka 1815, aliwaandikia wavulana wake mikataba na mabwana waliowafundisha ufundi: kijana aonywe kwa maneno bila kupigwa, asitumwe kazi zisizo za ufundi wake, apate siku ya kupumzika. Tuige hilo. Kijana akipelekwa kwa fundi wa kuchomelea Igoma au seremala Mabatini, paroko, fundi na kijana mwenyewe waweke saini: muda wa kujifunza, hela ya chakula, nani anamnunulia miwani ya kuchomelea, na akimaliza anaondoka na vifaa gani. Nakala moja abaki nayo kijana. Bila karatasi hiyo atafagia karakana mwaka mzima, kisha atarudi sokoni.