Jibu: Nina miaka 47, naweza kurudi kwenye mita 400 na tufe?

Ndugu yangu wa Mbale, hujachelewa hata kidogo. Riadha za wakongwe huanza miaka 35, na makundi ni ya miaka mitano mitano, kwa hiyo utakimbia na wenzako wa 45 hadi 49, si vijana wa chuo. Hata mashindano ya dunia hayadai muda wa kufuzu. Unasajiliwa kupitia chama cha riadha cha nchi yako. Tufe lako bado ni lile la kilo 7.26, ila ukifika 50 linashuka hadi kilo 6. Vumilia!

Sasa ile tabia ya kushuka kwenye boda na kuanza mbio kali papo hapo, acha kabisa. Msuli wa nyuma ya paja haujali kwamba ulikuwa bingwa wa shule. Pasha mwili vizuri, na wiki za kwanza kimbia kwenye nyasi.