Maswali ya Wasomaji: Balasaraswati, Bharatanatyamu na Magoti

Swali: Nimetazama filamu ya Satyajit Ray kuhusu mcheza dansi wa Kihindi, Balasaraswati. Ni mama mtu mzima, harukiruki wala hajizungushi sana, lakini wajuzi humwita gwiji. Ugwiji wake uko wapi?

Jibu: Uko kwenye muziki. Ray alipotengeneza filamu hiyo mwaka 1976, Balasaraswati alikuwa anakaribia miaka 60. Alizaliwa Madras mwaka 1918 katika ukoo wa devadasi, wanawake waliorithishana kuimba na kucheza hekaluni na kwa wafalme. Bibi yake, Veena Dhanammal, alikuwa bingwa wa vina, ala ya nyuzi. Mama yake, Jayammal, ndiye aliyemwimbia jukwaani. Alianza mafunzo ya bharatanatyamu, dansi ya jadi ya India Kusini, akiwa na miaka 4 kwa mwalimu Kandappa Pillai, na mwaka 1925 akacheza hadharani kwa mara ya kwanza katika hekalu la Kanchipuram.

Mtoto aliyelelewa hivyo huijua raga, yaani mpangilio wa sauti katika muziki wa Kihindi, kabla ya kuzijua hatua. Ndiyo maana aliweza kuimba mwenyewe huku akicheza, akiurudia mstari mmoja wa wimbo mara nyingi, na kila mara macho na vidole vyake vikatoa maana mpya. Wengi leo hukariri ishara 28 za mkono mmoja bila kujua maneno ya wimbo. Mikono inasema, uso umenyamaza.

Tena alisimama imara. Rukmini Devi Arundale, aliyeanzisha shule ya sanaa ya Kalakshetra mwaka 1936, alitaka mapenzi ya mwili yapunguzwe katika dansi hii. Balasaraswati alikataa: kwake hamu ya mpenzi na hamu ya Mungu ni kitu kimoja. Sisi tunaona alikuwa na haki, maana ukiiondoa hamu hiyo, padamu, nyimbo za taratibu za mapenzi, hubaki maneno matupu. Mwaka 1961 alicheza Tokyo, mwaka uliofuata Marekani. Alifariki mwaka 1984.

Swali: Kwa nini onyesho la bharatanatyamu huanza kwa miguu na baadaye kutulia?

Jibu: Balasaraswati alilifananisha na kuingia hekaluni. Alaripu, sehemu ya kwanza ya onyesho, ni lango: mwili unapashwa moto kwa mdundo mtupu, bila hadithi. Jatiswaramu inaongeza melodia, shabdamu inaleta maneno. Varnamu ndiyo kubwa kuliko zote, huweza kupita nusu saa, na hatua kali hupokezana na maigizo ya uso. Padamu ni chumba cha ndani kabisa, ndiyo maana kuna utulivu. Tilana hufunga kwa kasi, kama kafuri inayowashwa mwisho wa ibada. Anayeikata varnamu ili kuokoa muda huzifikia padamu akiwa bado hajaiva, na watazamaji hali kadhalika.

Swali: Binti yangu ana miaka 10, ana miezi sita katika darasa la bharatanatyamu, na magoti yanamuuma upande wa ndani. Aache?

Jibu: Pole mama. Kwanza mtazame akiwa kwenye araimandi, ule mkao wa kukunja magoti yakielekea nje. Mara nyingi mtoto hulazimisha nyayo zielekee pembeni kabisa ilhali nyonga hazijafunguka kiasi hicho. Goti ndilo linalosokotwa. Apunguze kuzielekeza nyayo pembeni mpaka kila goti liwe juu ya kidole cha pili cha mguu.

Kisha aegemee ukuta, mgongo na kichwa viguse, ashuke taratibu na kukaa sekunde 20, mara 5. Akibinua makalio nyuma au visigino vikiinuka, ameshuka kupita uwezo wake.

Hatua za tata adavu, zile za msingi za kukanyaga sakafu, azifanye kwa kasi ya kwanza tu, ile ya taratibu, unyayo mzima ukitua kwa pamoja, kwenye sakafu ya mbao. Saruji yenye vigae hurudisha kishindo chote gotini. Njuga zisubiri. Goti likivimba, au likiuma hata akipanda ngazi, asimamishe mazoezi na aonwe na daktari.