Maswali ya Wasomaji: Kila Kazi na Msimu Wake

Tangu safu hii ilipogusia habari ya kuishi taratibu kwa kufuata misimu ya mwaka, bila kuharibu kilichopo na bila kukimbizana na siku, barua hazijakoma. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu kilio chake nimekikuta, kwa maneno tofauti, katika karibu nusu ya barua zote.

Swali: Mpendwa Mshauri, mwaka huu niliamua kubadilisha maisha yangu. Nilinunua chupa za kioo za kuhifadhia vyakula, vikapu, na brashi za mbao ili niachane na za plastiki. Nikaanza kutengeneza mboji, kukausha mboga, kushona nguo zilizochanika na kufua kwa mkono ingawa mashine ninayo. Miezi miwili haikuisha nikawa hoi. Mboji inanuka hadi majirani wananisema, mboga zimeota ukungu kwa sababu jua lenyewe siku hizi halionekani, na nguo za kushona zimejaa kikapu kizima. Je, mimi ni mvivu, au maisha haya ni ya wenye nafasi tu?

Jibu: Dada yangu, mvivu hachoki, kwa hiyo neno hilo liondoe moyoni. Kilichokuchosha ni kwamba umezibeba kazi za mwaka mzima ukazitua katika miezi miwili, na kwa ninavyoisoma barua yako, miezi hiyo ilikuwa ya mvua. Wanaosifu maisha haya mara nyingi husahau kusema kwamba utulivu wake hutokana na kuisubiri kazi mpaka hali ya hewa yenyewe ikubali kubeba nusu ya mzigo.

Chukua hizo mboga. Kinachokausha ni hewa kavu inayopita, na joto huisaidia tu. Wakati wa mvua hewa imekwisha kushiba maji, kwa hiyo mboga haina pa kuutolea unyevu wake, na ukungu huiwahi. Ziache hadi kiangazi. Wakati huo uzikate nyembamba na kwa unene unaolingana, uzitandaze zisigusane, na uzianue kabla jua halijazama, kwa maana umande wa usiku mmoja unaweza kuzirudishia maji ya kutwa nzima. Zikiwa tayari, majani husagika vidoleni, na vipande vinene hukatika badala ya kupinda. Kisha zitie katika mojawapo ya zile chupa zako za kioo kwa muda wa wiki moja, ukizitikisa kila siku na kuutazama ukuta wa ndani wa chupa: ukiona ukungu wa mvuke au matone, zirudishe juani siku hiyo hiyo.

Mboji nayo inanuka kwa sababu imekosa hewa. Vijidudu vinavyoozesha takataka vizuri huhitaji hewa, na lundo likijaa maji nafasi yao huchukuliwa na vile visivyoihitaji, ambavyo ndivyo vinavyotoa harufu ya mayai viza. Maganda na mabaki mabichi ya jikoni yana maji mengi na nitrojeni nyingi, ilhali majani makavu, vumbi la mbao na maboksi yaliyochanwa huleta kaboni. Wataalamu hutaja uwiano wa sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni, lakini hakuna anayekwenda na mizani kwenye lundo. Mimi hupima kwa ndoo, ndoo moja ya mabaki mabichi kwa mbili au tatu za majani makavu. Chukua konzi moja ya mboji uikamue. Likitoka tone moja au mawili, iko sawa. Maji yakichuruzika, imelowa mno. Ikikupukutikia kama vumbi, inyunyizie maji. Yako bila shaka itachuruzika. Igeuze, ichanganye na kitu kikavu, kisha uifunike kwa kipande cha bati au turubai ili mvua isiipige, na baada ya siku chache majirani watakuwa na jambo jingine la kusema.

Utaniuliza majani makavu utayapata wapi katikati ya mvua. Swali hilo lilinikuta mimi pia. Majani hukusanywa yanapopukutika, hutiwa katika magunia na kuwekwa mahali pakavu, yakisubiri miezi ambayo maganda yatakuwa mengi na jua halipo. Mwaka wangu wa kwanza niliyachoma yote nikidhani ninasafisha uwanja, na baadaye nikawa ninapita kuomba maboksi na magazeti makuukuu ili ninusuru lundo.

Nguo za kushona, kinyume chake, ndiyo kazi ya sasa. Sindano ni kazi ya siku za kufungiwa ndani. Kipange upya kikapu chako, vifungo na pindo zilizofumuka viwe juu kwa kuwa vinahitaji dakika kumi tu, matundu makubwa yakae chini, na ushone nguo moja kwa jioni moja. Kuhusu kufua kwa mkono, sioni sababu, maadamu mashine ni nzima. Isubiri ijae, tumia maji yasiyopashwa moto, na uanike kwenye kamba. Kinachokula umeme mwingi katika ufuaji ni kupasha maji na kukausha kwa mashine.

Nina neno moja kuhusu manunuzi, na sitalirefusha. Brashi ya plastiki uliyokuwa nayo ilikwisha kutengenezwa, na kuitupa ikiwa nzima hakukurudisha chochote kilichotumika kuitengeneza. Kama una hamu ya kupunguza uharibifu, anza na chakula kinachotupwa. Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ilikadiria kwamba mwaka 2022 duniani zilitupwa tani bilioni 1.05 za chakula kutoka madukani, migahawani na majumbani, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Sufuria ya jana iliyoliwa leo inashinda kikapu kipya.

Swali: Kila ninachosoma juu ya jambo hili kinazungumzia misimu minne, yenye theluji na majani yanayogeuka rangi. Ninapoishi mimi kuna mvua na kuna ukavu, basi. Nifuate kalenda gani?

Jibu: Ndugu msomaji, ifuate yako, ambayo itakubidi uiandike mwenyewe. Misimu huletwa na mhimili wa dunia kuinama kwa nyuzi 23.4 hivi. Mbali na Ikweta mwinamo huo hurefusha na kufupisha mchana kiasi cha kuleta joto na baridi kali. Karibu na Ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, na kinachogawa mwaka ni ule ukanda wa mvua unaosogea kaskazini na kusini ukilifuata jua. Misimu minne ni maelezo sahihi ya mahali fulani, na si sheria ya dunia nzima.

Wajapani walilitambua hilo zamani. Walikuwa wakitumia kalenda iliyotoka China, yenye vipindi vidogo 72 vya takriban siku tano tano, kila kimoja kikiwa na jina la jambo linaloonekana kwa macho katika siku hizo. Majina mengi hayakulingana na hali ya hewa ya visiwa vyao, na mwaka 1685 mnajimu Shibukawa Shunkai aliviandika upya ili vifanane na alichokiona nchini kwake. Huko Uingereza, Robert Marsham alianza mwaka 1736 kuandika tarehe za mambo madogo kama ua la kwanza, jani la kwanza na ndege wa kwanza kurejea, na jamaa zake wakaendelea na kazi hiyo hadi mwaka 1958. Leo wanasayansi wanazitumia kumbukumbu hizo kupima jinsi tabianchi ilivyobadilika, jambo ambalo mwenyewe hakuliwazia hata kidogo.

Wewe huhitaji vipindi 72. Nunua daftari moja, au tumia lililobaki na kurasa, na kila wiki uandike mistari mitatu yenye tarehe: mvua imekujaje, mti gani umechanua au kupukutisha, wadudu au ndege gani wametokea. Chagua mti mmoja unaoupita kila siku na usiubadilishe. Mwaka wa kwanza daftari litakuchosha, wa pili utaanza kulinganisha, na wa tatu utajua kwamba kumbikumbi wakitoka una siku kadhaa tu za kumaliza kupanda, bila kumuuliza mtu.

Swali: Mshauri, naomba uzungumze na mume wangu, maana yeye huisoma safu hii. Paa letu linavuja tangu mvua zilizopita. Kila nikimkumbusha hunijibu kwamba siku hizi anaishi taratibu, na kwamba haraka haraka haina baraka.

Jibu: Kaka, salaam. Methali uliyoishika ni njema, lakini wahenga hawakuiacha iishi peke yake. Waliiwekea jirani aitwaye ngoja ngoja huumiza matumbo, na jirani wa pili asemaye usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Slow Food, yaani chakula cha taratibu, mwamko ulioanzia Italia katika miaka ya 1980 na kutiwa saini ilani yake mjini Paris mwaka 1989, walimchagua konokono kuwa nembo yao. Mtazame vizuri konokono huyo: anakwenda polepole, ni kweli, lakini nyumba yake haivuji.

Paa hutengenezwa kiangazi, wakati mbao zimekauka na zinaweza kushika msumari, na bati halitelezi chini ya miguu ya fundi. Ukingoja mvua, utalipa kwa haraka kazi ambayo ungeilipa kwa nafasi, na huenda ukalipia na dari. Kwa kuwa utakuwa umekwisha kupanda ngazi, safisha na gata, kisha uzielekeze kwenye tangi. Hesabu yake ni rahisi na inapendeza: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 50 likinyeshewa milimita 20 hupokea lita 1,000, na hata ukiondoa sehemu ya tano kwa yanayomwagika na kukauka, unabaki na lita 800 kutoka mvua moja. Maji ya kwanza baada ya ukavu yaache yapite, kwa sababu huosha vumbi na vinyesi vya ndege, na kila tundu la tangi lifunikwe kwa wavu mwembamba, kwani katika joto mbu humaliza safari yake kutoka yai hadi kuruka kwa wiki moja au mbili. Dada, mshikie ngazi.

Swali: Shikamoo Mshauri. Mimi ni kijana ninayeanza bustani ndogo. Nilihifadhi mbegu zangu za msimu uliopita katika mtungi dirishani jikoni, na nilipojaribu chache, hazikuota. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umekosea mahali tu. Mbegu ni kiumbe kilicholala, na joto na unyevu ndivyo vinavyoiamsha kabla ya wakati na kuichosha. Mtaalamu wa mbegu James Harrington alitoa kanuni ambayo wakulima bado wanaitumia: kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia 1, na kila joto la ghala linaposhuka kwa nyuzi 5 za Selsiasi, maisha ya mbegu huongezeka takriban maradufu, almuradi isikaushwe kupita kiasi. Dirisha la jikoni lina jua la mchana na mvuke wa sufuria, yaani maadui wote wawili kwa pamoja. Zikaushe kivulini penye upepo, uzifunge katika chombo kisichopitisha hewa, uandike jina na mwezi, na uziweke mahali pa giza penye ubaridi zaidi nyumbani.

Zilizobaki usizikatie tamaa kabla ya kuzipima. Hesabu mbegu 10, zipange juu ya kitambaa chenye majimaji, kikunje, ukitie ndani ya mfuko na ukiweke mahali penye joto la wastani. Kikague kila siku ili kisikauke. Baada ya siku saba hadi kumi, kwa mbegu nyingi, utakuwa na jibu. Zikiota 8 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiota 5 hadi 7, panda kwa wingi zaidi. Zikipungua hapo, tafuta mbegu nyingine sasa, wakati mvua bado iko mbali. Na zile zilizoota kitambaani usizitupe. Zitie udongoni jioni hiyo hiyo, mzizi ukitazama chini.