Shangazi wa Mwaloni anajibu: Mtoto naye anadai riba

*Shikamoo Shangazi. Nina watoto watatu, naishi Igoma, nina genge la nyanya na mbogamboga. Wa pili ana miaka 11, yuko darasa la tano. Ana kibubu cha mbao alichotengenezewa na fundi jirani yetu. Krismasi tulipokivunja tulikuta 64,500, nilibaki mdomo wazi. Januari nikabanwa na sare na madaftari, nikachukua 40,000 humo nikamwambia nitakurudishia. Imepita miezi mitatu sijarudisha, naye haulizi. Kwenye kikoba chetu, ambako tunakopeshana kwa asilimia 5 kwa mwezi, mwenzetu mmoja anasema nimwekee mtoto kwenye mfuko wa UTT, mwingine anasema ninunue hisa, na baba yao anasema nimnunulie kuku. Nataka ajue mambo ya pesa mapema, asije akachelewa kama mimi. Nianzie wapi? — Mama wa watatu, Igoma*

Marahaba, mayu. Umeandika "naye haulizi" kama vile ni nafuu kwako. Mtoto aliyekusanya mia mia na mia tano za barafu na mihogo mpaka zikafika 64,500 hawezi kusahau 40,000. Haulizi kwa sababu ameshazihesabu zimezama. Kwa hiyo UTT isubiri, hisa zisubiri, na kuku wa baba yao wasubiri. Anzia kwenye deni.

Tena usimrudishie 40,000 tupu. Kwenye kikoba chako ungezichukua hizo 40,000 ungelipa 2,000 kila mwezi, na kwa miezi mitatu ni 6,000. Ungelipa bila kununa, tena mbele ya wenzako. Sasa hela ya mtoto ina kasoro gani hata ikopwe bure? Jumapili jioni, genge likishafungwa, kaa naye mezani na daftari. Mwandikishe mwenyewe: Mama alikopa 40,000. Riba 6,000. Jumla 46,000. Halafu zihesabu mkononi mwake, noti kwa noti. Kama huna zote, mpe 16,000 leo na zilizobaki mpangiane tarehe, na tarehe hiyo uiheshimu kama unavyoiheshimu siku ya marejesho.

Watu wengi wanawafundisha watoto riba kwa upande wa mkopaji tu: riba ni mbaya, wakopeshaji wa kausha damu watakuuzia kitanda. Ni kweli, lakini ni nusu ya hadithi. Mtoto aliyewahi kuipokea riba akiwa na miaka 11 anaelewa kwamba hela yake ikitoka nje ya kibubu ilipwe kwa kutoka. Mwalimu akija kumweleza benki inapataje faida, hatahangaika.

Ngoja nikwambie langu, maana nami si malaika. Miaka hiyo nilikuwa naanika dagaa Igombe na kuuza hapa Kirumba. Kijana wangu alikuwa na miaka kumi, ana hela zake za sikukuu, akang'ang'ania naye anunue dagaa. Nikamruhusu ndoo mbili za wabichi. Ilikuwa siku za giza, dagaa wamejaa, bei iko chini. Nikamfundisha: tukaushe, tufunge, tusubiri mbalamwezi. Anayeishi ziwani anajua kwamba mwezi ukiwa mkali dagaa hawavutwi na taa, wavuvi wanalala, na mwenye dagaa mkavu ndani ndiye anayeongea bei. Alilielewa somo vizuri sana. Ila mvua haikulielewa. Mchana wa siku hiyohiyo ikanyesha, dagaa wake wakaloa mchangani kabla hatujawakusanya, wakabadilika rangi, wakawa wa chakula cha kuku.

Nilifanya nini? Usiku nikamchotea kwenye fungu langu nikamjazia. Asubuhi nikamwambia, "Wako walipona." Alifurahi, na mimi nikajiona mama mwema. Miaka ikaenda. Akiwa na miaka 24 akauza pikipiki aliyokuwa anaiendesha bodaboda, akaweka hela yote kwenye mzigo mmoja wa dagaa, wala hakununua turubai. Nilipomuuliza mvua je, akacheka: "Mama, wewe si upo?" Mzigo uliloa. Nilikuwepo ndiyo, ila dagaa wa kumjazia sikuwa nao safari hiyo. Kwa hiyo mwanao akipoteza 5,000 yake, muachie hasara yake. Mpe uji, mpe pole, hela usimpe.

Sasa hayo uliyouliza. Baba yao hajakosea. Kuku wa kienyeji ni darasa ambalo hata mimi nisingeweza kulibuni. Tetea anataga, na kila yai ni uamuzi: uliuze leo, au uliache liatamiwe siku 21 liwe kifaranga? Ukila mayai yote, mwaka ukiisha una tetea mmoja aliyezeeka. Ukiyaacha baadhi, watoto wa tetea nao wanataga. Hiyo ndiyo faida inayozaa faida, na mtoto anaiona inatembea uani. Ila chanjo ya kideri msiiruke. Kideri kikiingia banda zima linaondoka ndani ya siku chache, na gharama ya chanjo ni ndogo mkijiunga majirani, kwa sababu kichupa kimoja kinatosha kuku wengi. Hilo nalo ni somo: usiweke kila kitu bandani.

UTT ni kampuni inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, na wa mwanao ni Mfuko wa Watoto, ulianza 2008. Mzazi anamfungulia mtoto aliye chini ya miaka 18 na kumnunulia vipande. Fedha za watu wengi zinakusanywa pamoja, wataalamu wanaziweka kwenye hatifungani (hapo unaikopesha serikali au kampuni kwa riba), amana za benki na hisa, na bei ya kipande inapanda au kushuka kufuatana na zilivyozaa huko. Kwa mtoto wa kikoba maelezo ni mepesi: ni kikoba kikubwa ambacho wanachama hawajuani. Mruhusu akusaidie kuandika bei ya kipande daftarini kila mwisho wa mwezi. Ikishuka aione imeshuka, msiifiche kama nilivyoficha mimi dagaa.

Mfundishe na hesabu ya 72, watoto wanaipenda. Chukua 72, gawanya kwa asilimia ya faida ya mwaka, unapata miaka ya hela kuongezeka mara mbili. Faida ikiwa asilimia 10, ni miaka 7 na kidogo. Ukishamlipa 46,000, pamoja na 24,500 uliyoiacha kibubuni, mwanao atakuwa na 70,500. Kwa asilimia 10 bila kugusa wala kuongeza, akifika miaka 18 zitakuwa kama 137,000. Asilimia 10 ni mfano wangu tu, simwahidi mtu. Kibubu kingebaki na 70,500 zilezile, na wakati huo bei ya andazi haitamsubiri.

Hisa za soko la Dar es Salaam ningeziacha mpaka afike sekondari. Si kwamba ni mbaya. Soko lile limeanza biashara 1998 na kampuni moja tu, TOL ya gesi za viwandani, na leo mtoto anaweza kupita mjini akaona tawi la NMB au CRDB, au gari la saruji ya Twiga, ukamwambia kampuni ile mtu wa Igoma anaweza kumiliki kipande chake. Mwambie hivyo mkiwa kwenye daladala, inatosha kwa sasa. Ila mweleze tofauti moja: hisa ya kikoba mkigawana unarudishiwa ulichoweka na faida yake. Hisa ya kampuni hairudishwi dirishani, unamtafuta wa kuiuzia, na anaweza kukupa pungufu ya uliyonunulia.

Lakini 46,000 kwanza.

*Shangazi, je, nimlipe mtoto anapoosha vyombo ili ajifunze thamani ya kazi? — Baba, Nyegezi*

Hapana. Vyombo kala yeye. Mlipe kwa kazi ambayo asingeifanya yeye ungemlipa mtu mwingine: kuosha pikipiki yako, kuchambua mchanga kwenye dagaa wa kuuza. Na umlipe bei ya mtu mwingine, usimpunje kwa kuwa mnalala nyumba moja.

*Shangazi shikamoo. Binti yangu wa kidato cha tatu ameona tangazo kwenye simu yangu: weka 50,000, baada ya siku saba unapata 150,000. Ameniletea hesabu nzuri kabisa ameiandika karatasini, anasema mimi naogopa maendeleo. Nimshauri vipi bila kumkatisha tamaa? — Mama, Sengerema*

Marahaba. Usimkatishe tamaa hata kidogo, mwambie aendelee na hesabu yake. Alisimama wiki ya kwanza, afike wiki ya kumi: kila wiki azidishe kwa tatu. Ya pili ni 450,000. Ya tano ni 12,150,000. Ya kumi ni 2,952,450,000. Bilioni karibu tatu, kwa mtaji wa mbuzi mdogo, ndani ya miezi miwili na nusu. Halafu umuulize: mtu mwenye njia hiyo, 50,000 yako wewe wa Sengerema anaitafutia nini?

Atajibu mwenyewe, maana ana kichwa. Akibisha kwamba fulani amelipwa kweli, mwambie ndivyo ilivyo. Wa kwanza hulipwa, kwa hela ya wa pili, ili awalete wa tatu. Huo ni upatu wa kilaghai, na sheria ya nchi hii inauhesabu kuwa kosa la jinai, hata kwa anayewaalika wenzake.

Na karatasi yake usiitupe. Mtoto anayekaa chini kupiga hesabu kabla ya kutoa hela ni adimu, nina watu wazima hapa mwaloni wangekuwa bado na nyumba. Likizo mlete. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hamna tena kisingizio cha foleni ya kivuko. Aje na kalamu, nitampa daftari langu la wadaiwa, aniambie ni nani hatanilipa.