Mtoto ametanguliza makalio, wiki ya 34

Dada wa Micheweni, Pemba, uliyeuliza kuhusu mwanao aliyetanguliza makalio tumboni, usipate kiwewe. Wiki ya 34 wengi bado hugeuka wenyewe. Mimba ikitimia hubaki hivyo 3 au 4 tu katika 100. Asipogeuka, wiki ya 36 au 37 muulize daktari kuhusu kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo, karibu nusu hufaulu. Kukandwa nyumbani usikubali.

Utafiti mkubwa wa mwaka 2000 ulionesha upasuaji uliopangwa hupunguza vifo na madhara kwa wachanga, ingawa watoto walipofika miaka 2 tofauti haikuonekana. Kuzaa kawaida kunawezekana, ila kwa mzalishaji mzoefu na chumba cha upasuaji karibu: kichwa hutoka mwisho, nacho huweza kukwama.

Mkweo anayetaka uzalie nyumbani mwambie kwa adabu, hapana. Hamia mapema kwa jamaa Wete au Chake Chake, uwe karibu na hospitali. Chupa ya uzazi ikipasuka, hospitali saa hiyohiyo. Kamba ya kitovu huweza kutangulia kabla ya mtoto.