Picha ya jangwa bafuni, na namna ya kuilinda na unyevu wa Pwani

Bafu letu hapa Mombasa ni finyu na dirisha lake liko juu karibu na dari, halionyeshi chochote. Nimejaribu mimea, nimejaribu vioo. Kilicholipanua kweli ni picha moja kubwa yenye upeo mrefu na nafasi tupu.

Picha yenyewe ni ya jangwa la Chalbi, kule Marsabit, mashariki ya Ziwa Turkana. Ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, tambarare tupu, nyeupe kwa chumvi. Weupe huo una shida yake: juu ya vigae vyeupe picha inapotea, kwa hiyo itie fremu ya kahawia au upake ukuta rangi ya udongo kwanza. Kama vigae vyako ni vyeupe pe na hutaki kuvigusa, tafuta picha ya matuta ya jangwa la Namib, kule Namibia, ambayo mchanga wake ni mwekundu kwa oksidi ya chuma. Picha za Deadvlei, bonde kavu humo humo Namib, zenye ile miti mikavu myeusi, wengi wanazipenda. Mimi sitaki kupiga mswaki nikitazamana na miti iliyokufa.

Chagua iliyopigwa alfajiri au jua likielekea kuzama. Kivuli ndicho kinacholipa tuta umbo. Saa sita mchana mchanga wote unakuwa bapa.

Sasa unyevu. Karatasi ya picha ikigusana na kioo cha fremu hunata, na ukiibandua inachanika. Picha iliyochapishwa juu ya kitambaa cha turubai hunyonya mvuke, kuvu likaanzia nyuma usikokuona. Mimi nilichapishiwa juu ya bati la alumini. Bei yake inauma, lakini linapanguswa kwa kitambaa laini, basi. Mfuko usiporuhusu, mwambie fundi wa fremu aache nafasi kati ya picha na kioo, azibe mgongo kwa utepe, na abandike vipande vya mpira kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Itundike mbali na bomba la mvua. Wanaooga kwa ndoo na kopo la maji baridi wana nafuu hapa.

Usisahau balbu. Zile nyeupe kali za 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga; namba ikishuka, mwanga huelekea njano) huugeuza mchanga kijivu kama saruji. Nunua ya 3000K au 2700K. Taulo za rangi ya kutu zinatosha kukamilisha. Sanamu za ngamia na mchanga wa chupani waachie wauza zawadi.