Swali la msomaji: Kwani serikali ya Ujerumani haikuwa na TV yake?

SWALI: Niaje mhariri. Tulikua tunabishana kwa kinyozi hapa Umoja, jamaa mmoja anasema ati baada ya vita ya Hitler serikali ya Ujerumani ilikatazwa kumiliki TV. Mi nikamwambia wacha uongo, serikali gani inakosa stesheni? Nani ako sawa?

JIBU: Pole ndugu, huyo jamaa amekushinda, ila ni kwa upande wa Ujerumani Magharibi tu, na haikukuja hivi hivi, ilibidi watu wapelekane korti.

Hitler na waziri wake wa propaganda, Goebbels, walikua wametumia redio kuingiza sumu kila nyumba, so 1945 Waingereza, Wamarekani na Wafaransa walipogawana upande wa magharibi kila mtu akafungua stesheni kwa eneo lake na hawakutaka serikali kuu ishike maiki tena. Hamburg waliletewa Hugh Greene, mtu wa BBC, akasimamia redio mpaka 1948 akawaachia wenyewe. 1950 stesheni za majimbo zikaungana zikaitwa ARD, na habari zao za TV, Tagesschau, zilianza Disemba 1952 na ziko hewani hadi leo.

Sasa Chansela Adenauer, yaani mkuu wa serikali ya Ujerumani Magharibi, mzee mjanja sana, hakufurahia hiyo mambo. 1960 akasajili kampuni ya TV ya serikali kuu. Majimbo yaliyokua chini ya SPD, chama cha upinzani, yakakimbia korti ya katiba kule Karlsruhe, na 28 Februari 1961 majaji wakamkatalia, wakasema utangazaji ni kazi ya majimbo na haufai kua mkononi mwa serikali wala kikundi chochote kimoja. TV ya mzee ikafa kabla irushe hata kipindi kimoja! Majimbo yakaanzisha ya kwao ya pili, ZDF, ikaanza Aprili 1963.

Na usidhani hapo serikali ilitulia. Oktoba 1962 jarida la Der Spiegel liliandika vile jeshi halikua tayari kwa vita, na usiku wa tarehe 26 polisi wakavamia ofisi zao Hamburg kwa madai ya uhaini, wakakaa humo wiki kadhaa, mwenye jarida Rudolf Augstein akalala ndani siku 103. Lakini magazeti mengine ya hapo Hamburg yakawapa vyumba na mashine za kuandikia, toleo likatoka kama kawaida, watu nao wakaingia barabarani. Waziri wa ulinzi, Strauss, alikana bungeni ati hahusiki alafu ikajulikana ndiye alipiga simu Uhispania ndio mwandishi mmoja wa Spiegel ashikwe akiwa likizo. Akatoka kwa baraza la mawaziri. Kesi ya uhaini dhidi ya Augstein nayo ikatupwa 1965 bila hata kusikizwa. Kwa maoni yangu hii ndio ilifunza Wajerumani zaidi ya ile hukumu ya Karlsruhe, manake hapa raia wenyewe ndio walikataa.

Kwa Ujerumani Mashariki ungeshinda wewe, huko TV ilikua ya serikali na chama wazi wazi, ingawa watu wengi jioni walikua wanashika stesheni za magharibi, mpaka 1961 vijana wa chama wakatumwa kupanda juu ya manyumba kugeuza antena.

Na mwambie kinyozi hiyo TV ya magharibi si ya bure. Wananchi ndio hulipia, na siku hizi nyumba inalipa hata kama haina TV, na malalamiko ni mengi balaa.